Safari Rally: Mbio zilizokataa kuzunguka duara, zikavuka mpaka hadi Usambara na Mbulu

Kwa kijana wa Sanya Juu anayefungua simu leo, Safari Rally ni video ya sekunde 30. Toyota inaruka tuta, vumbi la Naivasha linafunika kila kitu, helikopta inapita juu, basi. Mbio za Kenya hizo.

Ila hazikuwa za Kenya peke yake. Kwa takriban miaka 20 ya mwanzo zilikuwa mbio za Afrika Mashariki nzima, na baadhi ya vipande vilivyoogopwa kuliko vyote vilikuwa upande huu wa mpaka: kona za Usambara na matope ya Mbulu. Mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuja Dar es Salaam.

Ilikuwaje zikaondoka? Na kabla ya hapo, zilianzaje?

Zilianza na mtu aliyechoshwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapenda magari wa Kenya walikuwa na sehemu yao ya kushindania, Langa Langa, upande wa Nakuru kwenye Bonde la Ufa. Ulikuwa uwanja wa kuzunguka. Unaondoka hapa, unapita kona zilezile, unarudi hapa, unaanza tena.

Eric Cecil, mmoja wa vinara wa michezo ya magari wa wakati huo, alijaribu kumshawishi binamu yake Neil Vincent aje kushindana huko. Vincent hakutaka. Kama inavyosimuliwa mpaka leo, alijibu kwamba haoni jambo linalochosha kama kuzunguka kipande kilekile cha barabara. Akaongeza sharti: kama Cecil ataandaa mashindano ambayo watu wanaingia kwenye magari yao, wanafunga milango, wanavuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hapo na yeye atakuwepo.

Cecil alilichukua lile jibu kama kazi ya kufanya.

Inafurahisha kwamba miaka hiyohiyo Marekani ilikuwa inaelekea upande wa pili kabisa. Chama cha NASCAR, kilichoanzishwa mwaka 1948, kilikuwa kinakuza mbio za magari ya kawaida, yaani yale yanayofanana na yaliyopo dukani, kwenye viwanja vya mviringo. Uwanja wa Darlington, South Carolina, wenye umbo kama yai, ulianza mbio zake za kila mwaka za maili 500 mwaka 1950. Daytona 500 ikafuata mwaka 1959: mizunguko 200, mtazamaji amelipa kiingilio, amekaa jukwaani, anaona gari lilelile likimpita mara 200.

Safari nayo ilianza na magari ya dukani. Ila haikuwa na jukwaa, haikuwa na ukuta wala geti. Uwanja wake ulikuwa barabara za nchi tatu, na mtazamaji alikuwa yeyote aliyesimama kando ya barabara siku hiyo, awe amekuja kwa makusudi au anapeleka ng'ombe kunywa maji.

Mbio za malkia

Sababu ya kuanza ilipatikana mwaka 1953. Malkia Elizabeth II wa Uingereza alikuwa anatawazwa tarehe 2 Juni, na makoloni yalitakiwa kusherehekea. Kwa hiyo kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni mwaka huo, magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya jina la Coronation Safari, safari ya kutawazwa.

Tusisahau hali ilivyokuwa. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Gari la kushindania lilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, wafanyabiashara na mafundi wa Kiasia, na watumishi wa makampuni. Mwafrika wa kawaida aliyaona mashindano haya akiwa pembeni ya barabara, au akiwa nyuma ya gari lililokwama, anasukuma.

Kanuni za mwaka wa kwanza zilikuwa rahisi na za kipekee. Magari yaligawanywa kwa bei yake, si kwa ukubwa wa injini. Mwenye kigari cha bei ndogo anashindana na mwenzake wa bei ndogo. Mshindi wa jumla hakutangazwa rasmi, lakini waliopata adhabu chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa kobe.

Mwaka uliofuata Beetle ikashinda tena, safari hii ikiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha. Wawili hao walirudia mwaka 1955 wakiwa na Ford Zephyr. Na mwaka 1956? Eric Cecil mwenyewe. Mwanzilishi aliingia kwenye DKW, akiwa na Tony Vickers, akashinda mashindano aliyoyabuni.

Jina la kutawazwa lilidumu hadi mwaka 1959. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari.

Unashindaje?

Wengi wanadhani mbio za magari ni nani ana kasi zaidi. Safari ya zamani haikuwa hivyo.

Njia ilikatwa vipande kwa vituo vya ukaguzi. Kutoka kituo kimoja hadi kingine unapewa muda. Ukichelewa, kila dakika inageuka pointi ya adhabu. Mwisho wa yote, mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Sasa weka hilo kwenye zaidi ya kilomita 5,000, kwa siku nne au tano, usiku na mchana, dereva na msoma ramani wake wakipokezana kusinzia.

Barabara hazikufungwa. Hapo ndipo kasheshe lilipokuwa. Dereva wa mashindano alikutana na basi la abiria, lori la mkonge, baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mbuzi na wakati mwingine twiga. Pat Moss, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa madereva bora wa kike duniani, alikuwa akiongoza mwaka 1962 kwa gari la Saab hadi alipogonga mnyamapori. Alimaliza wa tatu.

Halafu kulikuwa na mvua. Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, na huku kwetu Pasaka na masika ni ndugu. Mtu anayejua barabara ya udongo ya mlimani Aprili haelezwi zaidi. Gari linaweza kuwa na injini nzuri kiasi gani, udongo ukishashiba maji linakaa pale lilipo.

Ndiyo maana kusukuma magari kulikuwa kazi. Wanakijiji walikusanyika kwenye sehemu wanazojua fika kwamba gari halitapita, wanangoja. Gari likizama, bei inajadiliwa dirishani, shilingi zinatoka, matope yanaruka. Kwa dereva aliyekuwa akihesabu dakika, vijana kumi wenye nguvu walikuwa na thamani kuliko fundi.

Kisa cha Erik Carlsson kinaonyesha watu walifika wapi. Mwaka 1964 raia huyo wa Sweden alizama kwenye tope na Saab yake. Alichofanya ni kulibiringisha gari, likapinduka mpaka upande wa pili kwenye udongo mgumu, akaendelea na safari. Waandishi wa habari hawakuamini. Inasemekana akawarudia mchezo uleule mbele ya macho yao. Alimaliza wa pili.

Saba tu

Takwimu mbili zinatosha kueleza ugumu wa Safari ya wakati huo.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yalimaliza saba.

Mwaka 1968 yaliondoka 93. Yalimaliza saba tena.

Mshindi miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki akiwa na msoma ramani Paddy Cliff, na gari lilikuwa lilelile kwa aina, Peugeot 404. Kundi la mwaka 1968 likapewa jina la utani, wale saba wasiozama. Ukisikia mtu anasema Pijo ni gari la shida, hapa ndipo sifa yake ilipojengwa. Baadaye 404 na mdogo wake 504 zikawa gari za abiria kila kona ya Afrika Mashariki, na haikuwa bahati mbaya. Tangazo lilikuwa limefanyika barabarani, mbele ya wateja wenyewe.

Usambara, Mbulu na watu wa Dar

Upande wa Tanganyika, baadaye Tanzania, kulikuwa na sehemu mbili ambazo madereva walizitaja kwa heshima.

Ya kwanza ni Usambara. Anayejua kupanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto anajua kona zile: mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, ukungu, na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Leo ni safari ya kupiga picha. Wakati ule ilikuwa barabara ya udongo, usiku, na saa inakimbia.

Ya pili ni Mbulu. Huko gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na juu yake linakuta udongo ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Matairi yanajaa, yanakuwa mipira ya tope, usukani unazunguka lakini gari linakwenda linakotaka lenyewe. Safari nyingi ziliamuliwa huko, kabla hata magari hayajaona lami ya Nairobi.

Na ukitaka kuunganisha sehemu hizo mbili kwa barabara kuu, ramani inakupitisha hapa hapa: Arusha, Boma Ng'ombe, Moshi, Himo, Same, mpaka Mombo. Mlima Kilimanjaro unakuwa kushoto kwako.

Aliyezisoma barabara za Tanzania kuliko wengi alikuwa Bert Shankland. Alikuwa mzaliwa wa Scotland, lakini maisha na kazi vilikuwa Dar es Salaam, kwenye kampuni ya Tanganyika Motors iliyokuwa ikiuza Peugeot. Msoma ramani wake aliitwa Chris Rothwell. Hawakuwa madereva wa kulipwa wa kiwanda kutoka Ulaya. Walikuwa watu wenye kazi zao za wiki, waliojua gari wanaloliuza na barabara wanazozipita.

Mwaka 1966 walishinda Safari na Peugeot 404. Mwaka 1967 wakashinda tena, gari aina ileile. Ni timu pekee ya kutoka Tanzania iliyowahi kufanya hivyo, na ilifanya mara mbili.

Kwa nini jina lao halijulikani kwa vijana wa leo? Jibu rahisi ni kwamba walikuwa Wazungu, na nchi changa ilikuwa inatafuta mashujaa wa aina nyingine. Miaka michache baadaye ilimpata Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa miguu yake mwenyewe, bila Pijo wala msoma ramani. Inaeleweka. Lakini historia ya michezo Tanzania bila Shankland na Rothwell ina ukurasa uliochanwa.

Wageni walivyogonga mwamba

Volvo, Saab, Ford na wengine walileta madereva wao bora kutoka Ulaya mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka walirudi bila kombe. Kuanzia 1953 hadi 1971 hakuna dereva aliyetoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda. Hata mmoja.

Kisa kitamu zaidi ni cha Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, fundi wa magari, Singasinga mwenye kilemba, baadaye akaitwa Simba wa Kenya. Mwaka 1964 timu ya kiwanda ya Volvo ilikuja na magari yake, ikashindwa. Joginder na mdogo wake Jaswant wakachukua moja ya magari yale yaliyotumika, PV544, wakalitengeneza wenyewe. Mwaka 1965 walipangiwa kuanza wa kwanza, nafasi inayoogopwa maana huna alama za tairi za mtu mwingine za kufuata. Walishinda kwa kumwacha wa pili zaidi ya saa moja na nusu.

Gari lililowashinda mabingwa wa Ulaya lilishinda mikononi mwa mafundi wawili wa Nairobi. Volvo hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili na Mitsubishi Colt Lancer akiwa na David Doig. Mwaka 1976 Mitsubishi ilichukua nafasi tatu za juu. Alifariki Oktoba 2013.

Wajapani ndio waliojifunza haraka kuliko wote. Edgar Herrmann na Hans Schüller, wakazi wa Kenya, walishinda na Datsun mwaka 1970 na 1971. Huko Japan, hata kabla ya hapo, mwaka 1969, ilikuwa imetoka filamu nzima kuhusu timu ya Datsun kwenye Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji wakubwa wa nchi hiyo. Mjapani wa Tokyo alizijua barabara za Afrika Mashariki kupitia sinema.

Mwiko wa wageni ulivunjika mwaka 1972. Mfini Hannu Mikkola na Msweden Gunnar Palm walishinda na Ford Escort RS1600. Na yalivunjikia wapi? Mwaka huo mashindano yalianzia Dar es Salaam.

Ndiyo, Dar. Miaka hiyo mwanzo wa mbio ulikuwa ukihamahama. Mwaka 1970 zilianzia Kampala, 1972 Dar es Salaam. Zilikuwa mali ya nchi tatu kweli kweli.

Sare ya 1973, halafu mlango ukafungwa

Mwaka 1973 Safari iliingia kwenye kalenda ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa rali. Ikatoa matokeo ambayo hayajasahaulika: baada ya maelfu ya kilomita, madereva wawili walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, pointi 406 kila mmoja. Mmoja alikuwa Harry Källström wa Sweden, mwingine Shekhar Mehta. Kanuni ikasema atangazwe aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ikawa Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia yake ilikuwa miongoni mwa walioacha mali zao na kuondoka. Alihamia Kenya, na huko akaja kuwa dereva aliyeshinda Safari mara nyingi kuliko yeyote: 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mara tano. Rekodi hiyo bado ipo.

Hadithi ya Mehta ni dalili ya kilichokuwa kinaikuta jumuiya nzima. Baada ya mapinduzi ya Amin mwaka 1971, Tanzania na Uganda hazikuwa zikisalimiana. Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zinavutana kuhusu shirika la ndege, reli, biashara na siasa. Mbio zinazohitaji kuvuka mipaka mitatu kwa saa kadhaa, usiku, magari yakiwa mbioni, haziwezi kuishi kwenye mazingira hayo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia ilikuwa imebaki ndani ya Kenya tu. Mwaka 1975 jina likabadilika, maneno Afrika Mashariki yakaondolewa, likabaki Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika rasmi na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Kilimanjaro hilo halikuwa jambo la magazetini: Namanga, Holili na Tarakea zilikuwa milango ya kila siku ya biashara na undugu.

Mpaka ulifunguliwa. Mbio hazikurudi.

Enzi ya helikopta

Miaka ya 1980 na 1990 Safari ilikuwa ya viwanda vikubwa. Toyota, Lancia, Audi na Opel walikuja na helikopta zilizoruka mbele ya gari kuangalia ng'ombe na malori, na mafundi waliosubiri kila kona. Gari likavalishwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama na bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa kwa ajili ya mito. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara nne, Juha Kankkunen wa Finland mara tatu. Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa tatu mwaka 1983. Mkenya wa mwisho kushinda zikiwa raundi ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994.

Lakini barabara wazi, kilomita nyingi na gharama kubwa vilianza kuonekana kama mzigo. Rali nyingine zote duniani zilikuwa zimeshakuwa za vipande vifupi vilivyofungwa. Baada ya mbio za mwaka 2002, zilizoshindwa na Colin McRae wa Scotland, Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia.

Ilikaa nje miaka karibu 20. Ilipangwa kurudi 2020, corona ikazuia, ikarudi Juni 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili, na Wakenya walijaa milimani kama vile hazikuwahi kuondoka. Toyota imeitawala tangu hapo. Mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi nne za kwanza zote.

Ni mashindano mazuri, ila ni kitu kingine. Ushindani wenyewe sasa ni kilomita kati ya 300 na 400, kwenye njia zilizofungwa ndani ya mashamba na hifadhi: Kedong, Hell's Gate, Soysambu, Elmenteita. Kipande kimoja kinapitwa asubuhi, kinarudiwa mchana. Na ukifungua ramani utaona maeneo hayo yako kwenye Bonde la Ufa lilelile, kuelekea Nakuru, jirani na ilipokuwa Langa Langa. Neil Vincent angekuwa na la kusema.

Tanzania ilibaki na nini?

Kilichobaki ni vipande. Mwaka 2003 yalianza mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yanayotumia magari ya enzi zile kwenye njia ndefu za enzi zile. Baadhi ya matoleo yake yamevuka mpaka na kupita ukanda wa Arusha na milima ya Pare. Mwaka 2011 yalishindwa na Waldegård yuleyule, akiwa na umri wa miaka 68, mtoto wake Mathias akimsomea ramani kwenye Porsche 911. Porsche ilikuwa imeikosa Safari yenyewe kwa miaka yote, mara kadhaa ikiishia nafasi ya pili.

Ndani ya nchi kuna ubingwa wa taifa wa mbio za magari, na katika miaka ya karibuni Mkwawa Rally, inayofanyika Morogoro, imekuwa sehemu ya ubingwa wa Afrika. Watazamaji wapo. Wadhamini ndio wa kutafuta kwa tochi.

Kuhusu Safari yenyewe, orodha ya washindi iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Majina ya Shankland na Rothwell yako kwenye mstari wa 1966 na mstari wa 1967. Chini ya hapo hakuna timu nyingine kutoka Tanzania.